MAONI: Uvimbe si uchawi, ni seli iliyokataa kusimama

Ukipanda matatu mjini Kisii kuelekea Keroka, utapita Keumbu. Hapo ndizi huzikosi. Mikungu imepangwa kando ya barabara, mingine inapakiwa kwenye malori, na kina mama wanavutana bei na madalali tangu asubuhi. Sasa ebu nikuulize: tangu uzaliwe, umewahi kuona mtu wa huko akipanda mbegu ya ndizi?

Hujaona. Ndizi tunazokula hazina mbegu; vile vidoadoa vyeusi vya katikati ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukomaa. Mkulima akitaka kupanua shamba, hung'oa chipukizi linaloota kando ya mgomba mkubwa na kulipanda kwingine. Chipukizi hilo halikuhitaji chavua wala nyuki. Lilitokana na seli za mgomba uleule: moja ikagawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, hadi ukapatikana mgomba mzima. Kwa hivyo mgomba alioupanda nyanya yako kabla mamako hajazaliwa, na ule unaokatwa leo kwenye shamba hilohilo, huenda ni mmea mmoja ambao umekuwa ukigawanyika miaka yote hii.

Hilo ndilo somo la mgawanyiko wa seli. Wengi wetu tulilipitia shule ya upili. Tulichora zile hatua, tukapaka kromosomu rangi, tukakariri majina kwa wimbo, tukayamwaga kwenye mtihani wa KCSE, kisha tukatupa daftari. Maoni yangu ni kwamba tulitupa kitu ambacho kingetufaa nyumbani kuliko mengi tuliyosoma. Na kwa sababu tulikitupa, mtu wetu akiota uvimbe, swali la kwanza linakuwa "nani amemfanyia hivi?" badala ya "ameenda hospitali?"

Twende polepole, tuanze na swali lenyewe: mbona seli zigawanyike? Si ingekuwa rahisi seli moja iendelee kunenepa tu?

Jibu liko jikoni. Mama akitaka viazi viive haraka hufanya nini? Huvikata. Kiazi kizima kikubwa huiva nje huku katikati kikiwa bado kigumu, manake joto huingilia kwenye ngozi pekee na lina safari ndefu ya kufika ndani. Seli nayo iko hivyo. Chakula na oksijeni huingia kupitia utando wake wa nje, na taka hutokea hapohapo. Sasa piga hesabu. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la nje la 6 na ujazo wa 1. Ukiongeza upande uwe 2, eneo linakuwa 24 na ujazo 8. Yaani tumbo limekua mara 8 lakini milango imeongezeka mara 4 tu. Ukifika upande wa 10, una milango 600 inayolisha tumbo la 1,000. Seli ikinenepa sana, katikati yake inalala njaa. Suluhisho ni kujigawa.

Ndiyo maana ndovu hana seli kubwa kumshinda panya kwa kiasi unachofikiria. Ana seli nyingi zaidi, basi. Wewe mwenyewe ulianza kama seli moja tumboni mwa mamako. Leo una seli takriban trilioni 30, na kila moja imetokana na nyingine iliyokuwapo kabla yake. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alilitangaza jambo hili mwaka 1855: seli hutokana na seli. Haishuki kutoka hewani. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kugawanyika, kukua.

Sababu ya pili ni kufidia zinazokufa. Ngozi yako ya juu hubadilika yote kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Utando wa ndani wa utumbo hubadilika kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na kwa kuwa zenyewe haziwezi kugawanyika, uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza mpya karibu milioni 2 kila sekunde. Tangu uanze kusoma sentensi hii umeshapata milioni kadhaa. Ukijikata na kisu ukimenya ndizi, seli za kando ya kidonda huamka, hugawanyika, hukutana katikati, na kidonda kinafungika.

Si seli zote zenye bahati hiyo. Seli nyingi za ubongo zikishakomaa hazigawanyiki tena, na za moyo hugawanyika kwa nadra sana. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika hupona, lakini mzee aliyepata kiharusi huhangaika miaka kujifunza upya kushika kijiko.

Sababu ya tatu ni kuzaana, kama mgomba wa Keumbu. Kuna faida na hasara hapo. Faida ni kwamba ukipata mgomba mtamu, watoto wake wote watakuwa watamu vilevile. Hasara ni kwamba ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuua wote, kwa kuwa wote ni nakala. Wakulima wa Uganda waliliona hilo baada ya mwaka 2001, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulipoingia kwenye migomba yao na kufyeka mashamba, kabla ya kuvuka na kufika huku kwetu. Kenya nayo, tangu miaka ya 1990, imekuwa ikizalisha miche ya ndizi maabarani. Wataalamu huchukua ncha ndogo ya chipukizi, sehemu ambayo seli zinagawanyika kwa kasi zaidi, na kuikuza kwenye chupa hadi itoe miche mingi iliyo safi.

Na ukitaka kuona sehemu hiyo kwa macho, nenda shamba la chai. Mchumaji wa Kisii au Nyamira hachumi jani lolote tu. Huchuma majani mawili na ile ncha changa ya katikati. Ncha hiyo ndiyo kiwanda cha mmea, mahali seli mpya zinapozaliwa. Ukiikata, vichipukizi vya pembeni vilivyokuwa vimelala vinaamka, na baada ya siku chache kuna chai nyingine ya kuchuma. Chinsaga ya nyuma ya nyumba ni vivyo hivyo: ukiikata juu, inatoa matawi pembeni. Nyanya zetu wamekuwa wakicheza na mgawanyiko wa seli kabla mtu hajawaletea kitabu cha bayolojia.

Hadi hapo stori ni tamu. Lakini kuna kitu ambacho darasani tulikipita mbio, na ndicho ninachotaka ukishike: kugawanyika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusimama.

Fikiria kile kidonda cha kisu. Seli ziligawanyika, zikaziba pengo, kisha zikaacha. Kwa nini hazikuendelea hadi kidole kikawa kama mkungu? Kwa sababu ndani ya kila seli kuna jeni zinazofanya kazi ya akselereta na nyingine za breki. Kabla ya kugawanyika, seli hupita vituo vya ukaguzi, kama matatu inavyosimamishwa na polisi: umeshakuwa mkubwa vya kutosha? DNA yako imenakiliwa yote? Kuna sehemu imeharibika? Kama kuna tatizo, inatengenezwa. Ikishindikana, seli huamriwa ijiue yenyewe. Wanasayansi Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kugundua jinsi mzunguko huu unavyoendeshwa.

Breki moja maarufu inaitwa p53. Binadamu hupata nakala moja ya jeni yake kutoka kwa kila mzazi. Ndovu ana takriban 20 kutoka kwa kila mzazi, na watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mnyama mkubwa hivyo, mwenye seli nyingi hivyo, kupata saratani kwa nadra.

Sasa, kila seli inapogawanyika lazima inakili DNA yote, herufi karibu bilioni 6. Ebu kumbuka ulivyokuwa ukinakili noti za rafiki usiku kabla ya mtihani. Hata ukiwa makini kiasi gani, utakosea mahali. Seli ni makini kukushinda mara nyingi, na hukagua kazi yake, lakini kosa moja moja hupenya. Moshi wa sigara huongeza makosa. Pombe huongeza. Jua kali juu ya ngozi isiyo na kinga, kama ya ndugu zetu wenye ualbino, huongeza. Virusi fulani huongeza. Na umri huongeza, manake aliyeishi miaka 70 amenakili mara nyingi kumshinda wa miaka 17.

Makosa mengi hayana madhara. Ila yakiangukia kwenye akselereta na breki, moja leo, lingine baada ya miaka mitano, siku moja unapata seli ambayo akselereta imekwama chini na breki zimekatika. Inagawanyika bila kuulizwa. Wanawe wanarithi ugonjwa huohuo, nao wanagawanyika. Hiyo ndiyo saratani. Si mdudu aliyeingia, si kitu kilichotumwa usiku. Ni seli yako mwenyewe iliyokataa kusimama.

Kama unadhani hizi ni habari za Wazungu, moja ya stori kubwa za saratani duniani ilianzia hapa jirani. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alianza kushangazwa na watoto waliokuja na uvimbe kwenye mataya. Uvimbe ulikua haraka ajabu. Leo tunajua saratani hiyo inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwaka 1958 aliandika kuihusu, na mwaka 1961 akaingia barabarani kwa gari yeye na wenzake wawili, wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza: watoto kama hawa mmewaona?

Waligundua kitu. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye maeneo ya chini yenye joto na mvua, na nadra kwenye milima yenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliokuwa London waliona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Leo picha iko hivi: malaria ya mara kwa mara hulazimisha seli fulani za kinga zigawanyike bila kupumzika, virusi hivyo huzizuia kufa, na katika kunakili kwingi huko jeni moja ya akselereta inayoitwa MYC hukatika na kubandikwa mahali ambapo haizimiki.

Hebu waza jinsi ambavyo kijiji kingeona jambo hilo. Mtoto ni mzima mwezi huu. Mwezi ujao taya limevimba, meno yanalegea, jicho linasukumwa nje. Hakuna aliyempiga. Familia jirani ina watoto kumi na hakuna aliyeguswa. Ukitaka kuamini kwamba kuna mtu alimtazama vibaya, ushahidi unaonekana uko mbele yako. Lakini ramani ya Burkitt inasema vingine. Wachawi hawafuati joto, mvua na mbu. Ugonjwa ulifuata. Na jambo la maana zaidi: saratani hiyo ya Burkitt ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri sana, watoto wengi hupona wakifikishwa hospitali mapema. Mtoto anayezungushwa kwa waganga wiki sita anaweza kupoteza wiki ambazo zingemwokoa.

Sasa nirudi Gusii, na hapa najua nitawakera wengine. Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee na wengi wao wanawake, waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, kaunti hiyohiyo, kwa madai ya namna hiyo. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa saratani ya mtu. Ninachosema ni kwamba njia huwa ni ileile. Kuna ugonjwa au kifo ambacho hakieleweki, kuna uchungu wa kweli, halafu kuna nyanya fulani anayeishi peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, hana wa kumtetea. Watu wanaunganisha nukta.

Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya watu ambao hawakusoma. Tuko kizazi cha simu. Ukiingia TikTok jioni utakuta kijana aliyemaliza chuo akisimulia jinsi shangazi yake "alivyofungwa" tumboni, na maelfu wanaandika "amina". Wengi wao walipata alama zote kwenye swali la mitosisi. Walijua hatua nne na utaratibu wake. Hakuna aliyewaambia kwamba tumbo la shangazi ni swali hilohilo.

Kuna jibu ambalo nimelisikia kila ninapoanzisha mjadala huu, na silipuuzi. Mtu anasema: sawa, wewe umenieleza vile saratani inavyotokea. Hujanieleza mbona imempata mamangu na si mama wa jirani. Mama hakuvuta sigara, hakunywa, alikuwa mtu wa kanisa na shamba. Mbona yeye?

Hilo ni swali zito. Wakati mwingine daktari ana jibu: virusi, jeni za ukoo, moshi wa miaka mingi. Wakati mwingine jibu ni kwamba seli moja kati ya trilioni 30 ilikosea kunakili herufi mahali pabaya. Ilitokea tu. Najua jibu hilo halifariji. Uchawi unakupa mtu wa kukasirikia, na seli haikupi. Lakini jibu lisilofariji bado linaweza kuwa la kweli, na jibu linalofariji linaweza kumwua nyanya wa watu. Mimi nachagua lile la kwanza, hata likiniacha bila pa kupeleka hasira.

Jibu lingine ni la pesa. Wanasema hospitali ni ghali, mganga yuko karibu na anakubali kuku. Ni kweli, matibabu ya saratani yamefilisi familia nyingi nchini, na harambee za WhatsApp tunazichanga kila wiki. Lakini ukielewa seli, utaelewa pia kwamba kuchelewa ndiko ghali zaidi. Uvimbe wa seli chache ambazo hazijasambaa unaweza kukatwa na mambo yakaisha. Zikishasafiri kwenye damu na kuotesha machipukizi kwenye ini na mifupa, kama mgomba usiopunguzwa, bili inapanda na matumaini yanashuka. Anayekula kuku wa mgonjwa miezi sita anakula pia muda wake.

Kuna hofu nyingine, ya dawa zenyewe. "Kemo ndiyo iliyomwua, si ugonjwa. Nywele ziling'oka zote, akatapika, akaisha." Hapa tena bayolojia inasaidia. Dawa nyingi za kemo hulenga seli yoyote inayogawanyika kwa kasi. Haziwezi kutofautisha vizuri seli ya saratani na seli nyingine yenye haraka. Na ni seli zipi mwilini zina haraka? Tulizitaja: za utumbo, za uboho unaotengeneza damu, na za mizizi ya nywele. Ndiyo sababu mgonjwa hutapika, hupungukiwa na damu, na nywele hudondoka. Hajarogwa mara ya pili. Dawa inapiga mahali inapolenga na kugusa majirani. Nywele kwa kawaida huota tena baada ya matibabu, manake seli za mizizi iliyobaki hugawanyika upya.

Na kama unapenda miti shamba, sina ugomvi. Lile ua la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba nyingi huku kwetu, lenye asili ya Madagaska na ambalo wataalamu huliita Catharanthus roseus, ndimo zilimotolewa dawa mbili za saratani, vincristine na vinblastine. Hufanya kazi kwa kuzuia zile nyuzi zinazovuta kromosomu pande mbili, kwa hivyo seli inakwama katikati ya kugawanyika na kufa. Vincristine ni miongoni mwa dawa wanazopewa watoto wenye ile saratani ya Burkitt. Lakini hupimwa kwa miligramu na kuingizwa kwenye mshipa na mtu aliyefunzwa. Usiende kulichemsha ua hilo ukampa mtu anywe, ni sumu.

Basi sisi vijana tufanye nini? Wengi wetu tuko Nairobi, Nakuru, Kisumu au Kisii mjini, lakini simu za nyumbani tunapigiwa sisi. Mama akiumwa, anayeulizwa "tufanye nini?" ni yule mtoto aliyesoma. Hapo ndipo somo la seli linapotakiwa.

Akikuambia kuna kivimbe kwenye titi ambacho hakiumi, usimwambie asubiri kiume. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Akisema anatokwa na damu ilhali alishakoma hedhi, hiyo si "damu ya uzee". Baba akiwa na shida ya kumeza chakula, chakula kinakwama kifuani wiki baada ya wiki, usimnunulie dawa ya vidonda vya tumbo kila mwezi. Mwambie tu, "Baba, kesho tunaenda hospitali, nitakutumia nauli." Kidonda ambacho hakifungi kwa wiki nyingi, uvimbe unaokua, uzani unaoshuka bila sababu: hizo ni ishara kwamba huenda kuna seli mahali ambazo hazisikii breki. Huenda pia si saratani. Kipimo ndicho kitasema.

Kwa dada zetu, kuna saratani moja ambayo tunaweza kuizuia karibu yote. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuua wanawake wa Kenya miongoni mwa saratani zote, na karibu visa vyake vyote husababishwa na virusi vya HPV. Virusi hivi vina ujanja mmoja: huingia kwenye seli na kukata breki, ile ya p53 ikiwa mojawapo, ili seli igawanyike na kuvizalisha. Kutoka hapo hadi saratani huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Miaka hiyo ni nafasi yetu. Chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa na serikali kwa wasichana wa kuanzia miaka 10 tangu Oktoba 2019. Na mwanamke wa miaka 25 hadi 49 anaweza kukaguliwa hata kwa njia rahisi kama kupakwa asidi nyepesi ya siki: seli zenye kasoro hubadilika rangi na kuwa nyeupe, na zinaweza kuondolewa kabla hazijawa saratani.

Wapo wanaosema chanjo hiyo ni njama ya kuwafanya wasichana wetu wawe tasa. Haifanyi hivyo. Inafundisha kinga ya mwili kuvikamata virusi kabla havijafika kwenye breki. Kinachonyima mwanamke uzazi ni kuondolewa kizazi kwa sababu saratani iligunduliwa akiwa amechelewa. Kama una dada mdogo nyumbani, uliza kama alichanjwa. Ni swali la dakika moja kwenye simu.

Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, linakadiria kwamba Kenya hupata visa vipya vya saratani zaidi ya 40,000 kila mwaka, na vifo zaidi ya 25,000. Julai 2019 tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote katika mwezi mmoja, wote kwa saratani. Nchi nzima ilizungumza kuhusu kugunduliwa mapema. Hakuna aliyetafuta mchawi wa Collymore. Mbona basi nyanya wa kijijini ndiye alipie ugonjwa wa jirani yake?

Ukienda nyumbani likizo hii, teremka Keumbu ununue ndizi. Ukifika, muulize nyanya yako kwa nini hupunguza machipukizi ya mgomba na kubakisha mawili au matatu tu. Atakuambia, "Mjukuu wangu, ukiyaacha yote yaote yanavyotaka, hutapata mkungu." Yeye analijua somo hili vizuri, kwa lugha yake. Mwelezee kwamba ndani ya mwili pia kuna machipukizi ambayo wakati mwingine hukataa kupunguzwa, na kwamba mwenye kisu cha kazi hiyo yuko hospitali. Kisha muulize lini mara ya mwisho alipimwa.